Springi za Bwana Sementi

"Hivi jirani, gari lako limechuchumaa hapo linatafuta nini?"

Swali hilo aliliuliza mshonaji wa nguo wa nyumba ya pili, asubuhi moja, akiwa ameegemea mlango wake na kikombe cha chai mkononi. Hakuwa na nia mbaya. Lakini watu waliokuwa wakipita kwenda kazini walisikia, wakaligeukia gari, wakacheka, kwa sababu kweli lilikuwa limechuchumaa. Lilikuwa gari la zamani, refu nyuma, la aina ile ambayo injini iko mbele na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Mwenyewe alilitumia kupeleka sementi kwa wajenzi. Kila alipopakia mifuko, mkia ulishuka mpaka bomba la moshi likakaribia kugusa lami, na pua ikatazama juu kama mtu aliyepotelewa na ndege.

Mwenye gari watu walimwita Bwana Sementi. Aliingia garini, akabamiza mlango, akaondoka kwa kishindo. Binti yake, ambaye alikuwa bado anafagia vumbi la sementi kwenye mlango wa nyuma, ilibidi aruke kando na fagio lake.

Kulifagia gari ndiyo ilikuwa kazi ya binti huyo kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mwembamba, mwenye macho ya kuona kila kitu. Nyumbani na shuleni walimwita Redio, kwa sababu alichokisikia mara moja aliweza kukirudia vilevile, sauti, kikohozi na yote. Akimwigiza mwalimu mkuu, wenzake walikaa wima bila kujijua. Baba yake hakuwa mtu wa kusifu watoto. Kaka yake Redio angeleta alama nzuri namna gani, Baba aliutazama ukurasa na kuurudisha kama risiti ya duka. Lakini Redio alipoigiza, Baba alicheka hadi akafuta machozi. Redio angefanya lolote ili akisikie kicheko hicho tena.

Jioni ile Baba alimpitia Redio shuleni, wakaenda moja kwa moja kwa fundi springi.

Gereji ilikuwa uwanja wa mchanga uliokuwa mweusi kwa mafuta, na paa la mabati upande mmoja. Springi zilizokufa zilikuwa zimerundikwa ukutani kama mbavu za mnyama mkubwa. Fundi alikuwa mtu mfupi, mwenye tabia ya kuweka bolti mdomoni wakati mikono yake ina kazi, kwa hiyo maneno yake yalitoka yakiwa mazito, nusu yamemezwa. Alilipandisha gari kwa jeki, akaweka magogo chini yake, akamwonyesha Baba. Springi za nyuma za gari lile ni vyuma bapa vilivyopinda, kirefu juu na vifupi chini yake, vikiwa vimelaliana na kufungwa pamoja na ekseli, ule mhimili wa magurudumu. Vilikuwa vimechoka. Vilikuwa vimenyooka kama mikono ya mtu aliyelala.

Baba alisema hakuja kusikia habari za ugonjwa, amekuja kutibiwa. Alitaka vyuma vinene vya pikapu viongezwe kila upande, mkia upande juu, na yule mshonaji akose la kusema. Fundi alizunguka nyuma ya gari, akaukandamiza mkia kwa viganja viwili, akauachia. Gari likaruka, likashuka, likaruka tena, likashuka tena.

"Bosi," fundi akasema na bolti yake mdomoni, "nitaongeza. Ila vyuma hivi vinataka mzigo. Gari likiwa tupu, litampiga teke aliyekaa nyuma. Na shokapu zako zimekufa, hakuna cha kuishika springi ikirudi. Ukibeba mtu, usimkalishe nyuma."

"Nyuma inakaa sementi," Baba akamjibu. "Sementi hailii."

Fundi akainua mabega. Shokapu mpya, ile mirija miwili ya mafuta inayoizuia springi isirukeruke, Baba alisema zitasubiri. Redio alikuwa amekaa juu ya tairi kuukuu, akila mkate wake, na alisikia yote.

Kesho yake gari liliamka na mkia juu. Mshonaji alilitazama, akanywa chai yake, akaingia ndani. Baba alipiga mluzi njia nzima.

Lakini kulikuwa na mtu aliyekaa nyuma. Mtu huyo alikuwa Bibi, mama yake mzazi Baba. Miezi michache kabla ya hapo Bibi aliteleza penye maji karibu na bomba, nyonga ikavunjika, madaktari wakaiunga kwa chuma. Kila Ijumaa baada ya masomo Baba alimpeleka hospitali kwa mazoezi ya viungo, na Redio ndiye aliyekuwa msindikizaji, maana Mama alikuwa mpishi wa shule ya bweni na hurudi jioni. Bibi hakuweza kuukunja mguu vizuri. Alikaa upande upande kwenye kiti cha nyuma, mgongo mlangoni, mguu ameunyoosha juu ya kiti. Redio alikaa mbele, pembeni ya Baba, kama mke wa waziri.

Ijumaa ya kwanza baada ya springi kuongezwa, gari lilikuwa tupu. Walipofika kwenye tuta la kwanza, magurudumu ya mbele yalipanda na kushuka kwa heshima. Ya nyuma yakapanda, springi haikujikunja, na kiti kikamrusha Bibi juu kama gunia. Akashukia ile nyonga. Sauti iliyomtoka haikuwa kilio. Ilikuwa kama mlango wa zamani unaofunguliwa taratibu, ikapanda, ikakatika, ikamalizika kwa "Ee Mola."

Baba alimtazama kwenye kioo. Akamwambia kuwa safari ndiyo kwanza inaanza, Mola amechoka kuitwa mapema hivyo. Bibi alimwomba aende polepole kwenye matuta. Baba akasema akienda polepole, wajenzi watachanganya mchanga na mate. Redio akacheka. Akacheka na Baba.

Jioni hiyo, familia ikiwa imekaa sebuleni, Baba alimgeukia binti yake. "Redio, hebu tufungulie stesheni ya Bibi."

Redio akajilaza kwenye benchi, akaunyoosha mguu, akaruka, akatoa ile sauti, kuanzia mlango wa zamani hadi Ee Mola. Kaka yake aligonga meza kwa kicheko. Mdogo wao wa mwisho alianguka kabisa kwenye mkeka. Mama naye alicheka, akiwa amefunika mdomo kwa kiganja, kisha akaenda kutazama sufuria ambayo haikuwa na haja ya kutazamwa. Mama alikuwa mtu anayeogopa ugomvi kuliko anavyoogopa dhambi.

Bibi alikuwa chumba cha pili. Kati ya chumba hicho na sebule hapakuwa na mlango, palikuwa na pazia, na pazia huzuia macho tu.

Mchezo ukazoeleka. Shuleni watoto waliutaka wakati wa mapumziko, na Redio aliutoa. Bibi alipotoka kuota jua mlangoni, watoto wa mtaa waliokuwa wakipita walivuta sauti kwa pamoja, "Ee Mola," wakakimbia. Bibi hakuwafokea. Aliwatazama wakikimbia, halafu akautazama mguu wake, akaendelea na mazoezi aliyoagizwa: kuinua, kuhesabu kimoyomoyo, kushusha. Alifanya asubuhi, alifanya jioni, ameshika chuma cha kitanda. Redio alimwona kila siku, kwa sababu walilala chumba kimoja.

Hospitalini, daktari wa mazoezi alikuwa dada mwenye mikono yenye nguvu na uso wa mtu asiyelala vya kutosha. Nje ya mlango wake wagonjwa walikaa kwenye mabenchi mpaka kwenye ngazi. Ijumaa moja aliushika mguu wa Bibi, akaukunja kidogo, akakunja uso. Akasema mguu huu ulikuwa unakuja vizuri, na sasa unarudi ulikotoka. Akauliza kama mazoezi ya nyumbani yanafanyika. Bibi akajibu kwamba yanafanyika, ila njiani ndiko anakoumia.

Hakusema gari. Mwanawe alikuwa amesimama mlangoni, na Bibi hakuwa mtu wa kumwaibisha mtoto wake mbele ya watu baki.

Daktari akamgeukia Redio, akamuuliza kama njia ni mbaya sana. Redio akamtazama Baba. Baba alikuwa ameanza kutabasamu, lile tabasamu la kusubiri redio iwashwe.

"Barabara ni ya lami tupu," Redio akasema. "Bibi anadeka tu. Na mazoezi hafanyi." Kisha, kwa sababu tabasamu la Baba lilikuwa linapanuka, akaongeza kipande kidogo cha ile sauti.

Daktari alitabasamu kabla hajajizuia. Baba akacheka waziwazi. Bibi akageuza uso dirishani, na dirishani hapakuwa na kitu ila ukuta.

Kisha daktari akasema maneno magumu, na aliyasema kwa sauti ya kazi, bila hasira, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Alimwambia Bibi kuwa mguu ni wake, si wa daktari. Kwamba huko nje kuna watu wanaoililia nafasi hii. Kwamba mguu usipoonyesha dalili ya maana, nafasi atapewa mwingine, naye arudi nyumbani akazoee kitanda, kwa kuwa hatatembea tena.

Wakati wa kurudi, kwenye tuta la kwanza, Redio alisubiri sauti. Haikutoka. Akageuka. Bibi alikuwa ameiuma ncha ya mtandio wake, macho ameyafumba, machozi yanashuka yenyewe bila kuombwa. Baba akasema daktari ni kiboko, amemponya mama yake kwa maneno matupu. Redio hakucheka. Lakini jioni alipoambiwa afungue stesheni, aliifungua.

Ijumaa iliyofuata, mteja mmoja alikuwa ameagiza kioo kikubwa cha dirisha. Baba alikifunga kwenye blanketi, akakisimamisha kwenye kiti cha mbele, akakifunga mkanda. Redio akaambiwa apande nyuma. Alijibana karibu na miguu ya Bibi, juu kabisa ya gurudumu. Walikuwa wamechelewa. Baba aliendesha kama anayefukuzwa.

"Redio," Baba akaita bila kugeuka, "stesheni ya Bibi iko hewani?"

Redio akafungua mdomo ili aianze ile sauti, na tuta likafika.

Hakujua kwamba kiti kinaweza kumpiga mtu. Kilimpiga kutoka chini, kichwa chake kikafika paani, na aliposhuka meno yake yalifunga juu ya ulimi. Mdomo ulijaa damu ya moto. Hakuweza hata kulia, maana kulia kunahitaji ulimi. Kabla hajajua la kufanya, mikono miwili ilimshika kichwa. Bibi alivua mtandio wake, akaukunja, akamwekea mdomoni auume. Kisha akamvuta, mzima mzima, akampakata juu ya mapaja yake, juu ya ile nyonga, ili mapigo yanayokuja yampate yeye kwanza.

Matuta yaliyobaki yalikuwa mengi. Kwa kila tuta Redio aliisikia ile sauti, lakini safari hii hakuisikia kwa masikio. Aliisikia kwa mgongo, ikitoka kifuani mwa Bibi na kugonga mbavu zake. Haikuwa na cha kuchekesha hata kidogo. Baba alitazama kwenye kioo, akauliza kama redio imekatika waya.

Hospitalini muuguzi alimsafisha Redio mdomo na kumpa barafu. Daktari wa mazoezi alikuja kutazama, akauliza kumetokea nini. Baba alikuwa tayari ameshaanza kueleza kwamba mtoto alijiuma akila pipi. Redio akautoa mkono wa muuguzi kinywani mwake. Maneno yalitoka mazito, yamevimba.

"Ni gari," akasema. "Springi za nyuma. Zinapiga. Bibi anafanya mazoezi kila siku, ninamwona. Nilisema uongo."

Angekuwa mtoto mwingine, labda mambo yangeishia hapo. Lakini huyu alikuwa Redio. Baba alimweleza daktari, kwa upole kabisa, kwamba binti yake ana ugonjwa wa kuigiza watu, kwamba mtaa mzima unaujua, na kwamba leo ameamua kuigiza mtu mwenye huruma. Daktari akamgeukia Redio.

"Ijumaa ile ulisema Bibi anadeka, ukanichekesha," akasema. "Leo unasema ni gari. Sasa mwanangu, nikuamini siku ipi?"

Redio alikuwa na ukweli mkononi, na hakuna aliyetaka kuupokea kutoka mkono ule.

Ndipo Bibi akasema, akiwa bado amelala kwenye kitanda cha mazoezi, kwamba springi zina fundi wake, aulizwe fundi. Daktari akaona ni haki. Akaamua hivi: wapite kwa fundi. Fundi akisema gari lina kasoro, Bibi atapewa muda. Akisema gari ni zima, basi Ijumaa ijayo nafasi ni ya mwingine. Akaandika namba yake ya simu kwenye kiganja cha Baba kwa kalamu, kama mtu asiyeamini karatasi, akaita mgonjwa anayefuata.

Gereji ilikuwa na kelele za nyundo. Fundi springi alikuwa chini ya lori, akatoka akijifuta mikono, akamwona Bwana Sementi, akatabasamu, kisha akamwona Bibi aliyeketi nyuma na mtoto mwenye damu kwenye kola, na tabasamu likapungua. Baba alimuuliza kwa sauti ya juu, ya kirafiki, kama gari hili lina kasoro yoyote. Fundi akamtazama. Bwana Sementi alikuwa anamletea wateja, madereva wote wa vifaa vya ujenzi.

"Gari ni zima," fundi akasema. "Kazi yangu naijua."

Baba akauliza tena, kama kuna siku alimwambia mtu asikae nyuma. Fundi akainama, akaokota bolti ambayo haikuwa na kazi, akasema anaongea na watu wengi, hawezi kukumbuka maneno yote.

Bibi aliposikia hivyo alishusha pumzi, akakunja mikono yake mapajani. Ulikuwa umeisha mguu wake, pale pale, kwenye mchanga wa mafuta.

Redio akasogea mbele. Akaweka kidole mdomoni, pale ambapo bolti huwekwa, na kwa ulimi wake uliovimba, ambao sasa ulikuwa mzito sawasawa na wa mtu anayeongea na chuma mdomoni, akasema: "Bosi, nitaongeza. Ila vyuma hivi vinataka mzigo. Gari likiwa tupu, litampiga teke aliyekaa nyuma. Na shokapu zako zimekufa, hakuna cha kuishika springi ikirudi. Ukibeba mtu, usimkalishe nyuma." Kisha akabadilisha sauti, akaifanya nene. "Nyuma inakaa sementi. Sementi hailii."

Nyundo zilinyamaza. Vijana wa gereji walimtazama bosi wao, mmoja akaanza kucheka kwa jinsi sauti ilivyokuwa ya bosi mwenyewe, kisha akaona nyuso za watu na akaacha. Fundi alikuwa ameshika bolti yake njiani kuelekea mdomoni. Akaishusha polepole.

"Hayo ni maneno yangu," akasema. "Nilisema hivyo. Nimekosa, mama, nisamehe." Hayo ya mwisho alimwambia Bibi.

Baba hakukubali. Alikuwa amevuliwa nguo mbele ya watu, na mtu wa namna hiyo hutafuta kitambaa popote. Akasema maneno ni maneno tu, mafundi wote ni waoga, gari analiendesha yeye kila siku na halina neno. Akasema mama yake ni mzee na wazee huumwa hata na upepo.

Bibi akaufungua mlango wa gari mwenyewe. "Mwanangu," akasema, "nishushe. Halafu kaa hapa nilipokaa mimi, unyooshe mguu hivi hivi. Fundi aendeshe."

Vijana wote wa gereji walikuwa wanatazama. Baba hakuweza kukataa. Akapanda, akakaa upande upande, akaunyoosha mguu, akiwachekea vijana kana kwamba ni utani. Fundi akalitia gari moto. Wakaenda mpaka mwisho wa barabara, penye matuta mengi, wakageuza, wakarudi. Kutoka gerejini waliliona gari likiruka mkia kila lilipopanda, na kichwa cha Baba kikipanda na kushuka dirishani.

Liliposimama, Baba hakushuka mara moja. Kisha mlango ukafunguka, mguu mmoja ukatoka, halafu mkono ukashika paa, halafu Baba mwenyewe, ameinama, kiganja kimoja kiunoni, uso umekuwa wa kijivu kama bidhaa yake. Akajaribu kunyooka. Akashindwa. Akajaribu tena. Hakumtazama mama yake.

"Toa," akamwambia fundi. "Toa leo."

Fundi alitoa vyuma vya pikapu, akaweka chembamba kimoja kila upande, akafunga shokapu mpya. Akaukandamiza mkia, akauachia. Ukapanda mara moja, ukatulia. Alimwambia Baba kuwa kuanzia sasa apakie mifuko michache na aende safari mbili. Baba alimpigia daktari simu akiwa ameegemea ukuta wa springi zilizokufa, akasema yote, kwa sauti ndogo.

Basi Bibi akaendelea na mazoezi. Mguu haukupona kwa muujiza, lakini ulipona. Kwanza alisimama bila kushika kitanda. Baadaye alitembea hadi mlangoni na fimbo, kisha hadi kwa mshonaji, ambaye alimtolea kiti na hakuuliza swali lolote kuhusu gari.

Kwa Redio mambo hayakuwa mepesi hivyo. Baba hakumpiga. Aliacha tu kumwita Redio, akawa anamwita "wewe." Wewe, leta maji. Wewe, fagia gari. Kicheko chake kikapotea nyumbani kama taa iliyokatwa umeme. Shuleni, watoto walipoitaka stesheni ya Bibi, Redio alikataa, wakamwacha wakaenda kucheza na wengine. Alikula mapumziko yake peke yake kwa siku nyingi.

Kisha jioni moja, jua likiwa bado halijazama, watoto walikuwa sebuleni na Mama na Bibi. Baba alikuwa nje, chini ya gari, anakaza bolti za ekseli. Dirisha lilikuwa wazi na milio ya spana ilisikika. Kaka yake Redio akamnong'oneza awaonyeshe Baba alivyoshuka garini siku ile. Redio akasita. Akamtazama Bibi, akafikiri: huyu naye atafurahi, huyu ndiye mwenye haki ya kucheka. Akainuka. Akatoa mguu mmoja kwenye mlango usiokuwepo, akashika paa lisilokuwepo, akainama, kiganja kiunoni, uso akaufanya wa kijivu. Akajaribu kunyooka, akashindwa, akajaribu tena. "Toa," akasema kwa sauti ya Baba iliyovunjika. "Toa leo."

Alikuwa hajawahi kuigiza vizuri namna ile. Kaka yake alijitupa sakafuni. Mdogo wao alipiga makofi. Mama alicheka bila kufunika mdomo, pengine kwa mara ya kwanza. Kicheko kilijaa chumba, kikatoka dirishani.

Huko nje spana ikanyamaza.

Redio akamgeukia Bibi, akisubiri. Bibi hakuwa anacheka. Alikuwa anamtazama kwa macho yaleyale aliyowatazama nayo watoto wa mtaa.

"Njoo hapa," Bibi akasema, na Redio akaja. "Nilimshukuru Mungu siku uliposema kweli. Bado namshukuru. Lakini nikuulize, kwa nini siku ile na si kabla? Ulilala chumba kimoja na mimi. Ulinisikia kila Ijumaa. Ulisema kweli siku ulipojiuma ulimi wewe."

Redio akainamisha kichwa. Hakuna aliyekuwa anacheka tena.

"Mimi sikufundishi kusema kweli," Bibi akaendelea. "Hiyo unaijua. Nakufundisha kuisema kabla maumivu hayajafika kwako. Mtu akiumia, usingoje zamu yako ndipo uamini. Na mtu aliyeumia hachekwi, awe mwema, awe mbaya. Huyo aliye chini ya gari alinitendea vibaya, lakini kiuno kilimuuma kweli. Umebadilisha tu wa kumcheka, mjukuu wangu. Mchezo ni uleule."

Akaishika fimbo yake. Kaka akainuka amsaidie, Bibi akamzuia kwa kiganja. Akasimama mwenyewe, akapita katikati yao, hatua moja na nyingine, akalisukuma pazia la mlangoni, akatoka kuelekea kule spana iliponyamaza.